404 ya mzee na kilomita 180 za mashambani: itafika, ila uanze kuiendesha leo

Dada mmoja ameniandikia, nafupisha kidogo: "Shikamoo fundi. Baba alituachia Peugeot 404 ya 1967, imekaa chini ya turubai miaka 6, mwaka huu fundi akaiamsha na sasa inawaka na kutembea vizuri tu. Nimejiunga na klabu ya magari ya zamani, na wiki 5 zijazo wana mtoko wa siku nzima, kama kilomita 180 kupitia mashambani, magari 20 hivi. Mi sijawahi kuitoa zaidi ya kilomita 15. Rangi imepauka, siti ya nyuma imechanika. Naogopa isije ikanizimikia katikati ya watu. Nifanye nini, nibebe nini, na huko kwenye msafara watu wanaendeshaje?"

Marahaba dada. Pole sana kwa mzee, na hongera kwa kuing'ang'ania hiyo gari, maana najua wanunuzi wa vyuma chakavu wameshakugongea geti zaidi ya mara moja.

Jibu fupi: itaenda na itarudi. 404 ilitoka 1960, bodi ilichorwa na Pininfarina, injini yako ni ya 1618 cc iliyolazwa digrii 45 ubavuni, na ni gari iliyozoea barabara mbovu na mzigo kuliko nyingi za rika lake. Kilomita 180 kwake si kitu. Mi kinachonitisha kwenye maelezo yako ni vitu viwili tu, ile miaka 6 ya turubai na hizo kilomita 15.

Kilomita 15 ni dakika 20 basi. Hapo maji ya rejeta yamepata moto lakini oili ndo kwanza inajivuta, gia boksi bado, difu (zile gia za ekseli ya nyuma) bado, breki hujazikanyaga hata mara 30. Gari ya zamani ikiwa na ugonjwa haukuonyeshi dakika ya 20, unautoa kuanzia dakika ya 40 au 50 chuma chote kikishashika moto, na inapenda zaidi kukuonyesha pale umesimama, umezima, watu wamepiga picha zao, umekaa robo saa alafu unataka kuwasha muondoke. Hapo ndo utasikia starta inazunguka tu, injini kimya, na kila mtu ana ushauri wake.

Kwahiyo kabla ya kununua spea yoyote, iendeshe. Wiki hii itoe kilomita 25, ijayo 40, inayofuata 60 na utafute kilima cha maana humo ndani, wiki ya 4 piga 100 huku umesimama mara mbili ukazima kabisa na kuwasha tena baada ya robo saa. Wiki ya 5 usifungue kitu, nitakuambia kwanini. Alafu kila ukirudi, tandika boksi lililokunjuliwa chini ya gari usiku kucha, asubuhi ulisome. Tone jeusi katikati ni oili ya injini, gari ya umri huo ikidondosha matone mawili matatu mi sikasiriki. Tone la maji au la rangi ya kulanti (ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta) kule mbele, fuata paipu za rejeta na wota pampu. Unyevu wa mafuta mepesi upande wa ndani wa tairi, huyo ni wilsilinda (silinda ndogo ya breki kwenye gurudumu) anavuja, na hapo gari haitoki tena mpaka ashughulikiwe. Boksi moja la bure litakuambia mengi kuliko fundi anayeangalia gari huku anaongea na simu.

Tuanze na mafuta, maana huku ndo kuna hatari ya kweli. Petroli ikikaa miaka 6 inaoza, inakuwa na harufu kama ya vanishi iliyochacha na inaacha gundi kwenye kabureta, na tenki lenyewe ndani linashika kutu. Fundi wako alipoiamsha, je, alishusha tenki akaliosha au alimwaga tu lita 10 mpya juu ya zile za zamani? Muulize, bila aibu. Kama aliongezea, gari itatembea vizuri mjini, ila siku utakapokuwa kwenye mashimo tenki litatikisika, uchafu wote uliolala chini utaamka na kwenda kwenye chujio, gari itaanza kukohoa kama imeishiwa mafuta. Ukisimama dakika 5 inapona, ukienda kilomita 2 inakohoa tena. Dawa ni kuosha tenki, na kwenye boneti uweke chujio dogo la kuonekana ndani ili uone kinachopita.

Alafu mipira ya mafuta. Fungua boneti injini ikiwa baridi, shika kila mpira unaopitisha petroli, ubinye na kuukunja kidogo kwa vidole. Ukiona nyufa ndogo kama za kisigino kikavu, au vidole vimebaki na weusi kama umeshika mkaa, huo mpira umekufa hata kama hauvuji leo. Petroli ya siku hizi sehemu nyingi duniani ina ethanoli ndani yake, na mipira ya miaka ya 60 haikutengenezwa kwa ajili hiyo, inalainika kwa ndani inaanza kumeguka. Nunua mipya iliyoandikwa SAE J30 R9 ubavuni, na klipu mpya, ni gharama ndogo kuliko kitu chochote nitakachokutajia humu. Magari ya zamani yanayoungua barabarani mengi yanaanzia kwenye kipande cha mpira cha urefu wa kiganja kinachodondoshea petroli kwenye chuma cha moto. Kizimamoto kiwe ndani unapokifikia umekaa kwenye usukani, usikifukie kwenye buti chini ya mabegi.

Kuna watu hapo klabuni watakutisha na habari ya petroli isiyo na risasi (yale madini), kwamba itakula valvu. Ni kweli gari za zamani zilikuwa zinategemea risasi kwenye petroli, ilikuwa inaacha utando pale valvu inapogonga siti yake, na hiyo petroli imeshaisha duniani kwa magari ya kawaida, Algeria ndo ilikuwa ya mwisho kuacha kuiuza, Julai 2021. Lakini hedi ya 404 (kichwa cha injini, zilipo valvu) ni ya aluminiamu, siti za valvu zimepachikwa, sio zile zilizochongwa moja kwa moja kwenye chuma laini cha hedi, na we unaenda mwendo wa 70 sio mashindano. Pima tapeti (ile nafasi ndogo ya valvu) injini ikiwa baridi kabla ya safari, andika namba, pima tena ukisharudi. Kama nafasi ya valvu za ekzosi inazidi kupungua kila ukipima basi siti zinaliwa kweli, tutaongea. Kama zimekaa pale pale, waache waongee.

Sasa joto. Kwa vile hedi ni aluminiamu, hiyo gari ukiichemsha mara moja sawasawa inapinda hedi na kuua gasketi, na hapo safari ya klabu imegeuka kuwa safari ya gereji miezi 3. Suuza rejeta, mpaka maji yanayotoka yawe masafi, weka kulanti, badilisha mipira yote miwili ya rejeta na mkanda wa feni, ule wa zamani kama bado una uhai usiutupe, ndo spea yako ya safari. Mfuniko wa rejeta nao ni kifaa, watu wanaudharau, ule unashika presha na maji yenye presha yanachelewa kuchemka, mfuniko uliolegea unafanya maji yachemke mapema wakati rejeta ni nzima kabisa.

Na hapa nina ugomvi wangu wa miaka mingi na mafundi wenzangu. Themostati. Gari ikichemsha tu, fundi anaitoa themostati na kuitupa, anakuambia "nimekufungulia maji". Aisee. Ile themostati ipo ili injini ipate moto haraka na ikae kwenye joto lake, ukiitoa injini inatembea na ubaridi nusu ya safari, inakunywa mafuta, inajichafua plagi, oili inashika unyevu, na kwenye injini nyingi maji yanapata njia ya mkato yanazunguka humo humo bila kupita rejeta vizuri, yaani siku ya kilima bado itachemsha. Kama yako ilishatolewa, irudishe. Ijaribu kwanza jikoni, itumbukize kwenye sufuria ya maji juu ya moto, utaiona inafunguka yenyewe maji yakikaribia kuchemka. Isipofunguka, au ikianza wazi wazi, ndo ya kutupa hiyo.

Kitu kingine cha 404 peke yake. Feni yako awali haikuwa inazunguka muda wote, ina klachi ya umeme inayoishika pale joto linapopanda. Kama bado ipo ya asili, iache gari isimame inanguruma mpaka ipate moto uone kama feni inadaka. Isipodaka, kwenye lami hutajua maana upepo unaingia wenyewe, utajua siku umekwama nyuma ya ng'ombe 60 wanaovuka barabara taratibu kama wana hati miliki.

Hilo la ng'ombe ndo linanileta kwenye petroli kuchemka kwenye paipu. Ni tofauti na rejeta kuchemsha, watu wanachanganya. Ukienda polepole kilimani, au umesimama na injini imezimwa lakini ina moto, ule moto unapanda kwenye pampu ya mafuta na kabureta, petroli inageuka mvuke ndani ya paipu, na pampu ya mafuta haijui kusukuma mvuke. Geji ya joto haionyeshi shida yoyote lakini gari inakata. Usipige starta mpaka betri ife. Fungua boneti, subiri dakika 15 hadi 20, ukiwa na haraka chovya kitambaa kwenye maji, kikamue, kizungushie pampu na paipu, ila kisiguse ekzosi. Na kama ni kabureta ndo imejifurika, utasikia harufu kali ya petroli, basi kanyaga mafuta mpaka chini, shikilia hapo hapo bila kupampu, alafu piga starta. Ukipampu unaongeza mafuriko. Hii ya mguu mpaka chini ijaribu kwenye ile safari ya 100 ili siku yenyewe usiwe mgeni nayo.

Breki nitakuwa mkali kidogo. 404 za miaka yako zina drum kwenye magurudumu yote manne, na gari nyingi za enzi hizo zina masta silinda ya njia moja, maana yake mpira mmoja ukipasuka au wilsilinda moja ikiachia, pedo inashuka mpaka sakafuni na breki zote nne zimekwenda. Marekani walianza kulazimisha njia mbili kwa magari mapya ya 1968, ndo ujue kabla ya hapo watu walikuwa wanaishi kwa imani. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa, mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 230 lakini yakishanyonya maji yanaweza kushuka mpaka 155, na yako yamekaa miaka 6 sijui na ngapi kabla ya hapo. Toa yote, weka mapya. Mipira mitatu minne ya breki inayopinda pale kwenye magurudumu, badilisha bila hata kuikagua. Drum zifunguliwe, zisafishwe vumbi kwa kitambaa kibichi (usipulize, breki shuzi za zamani, vile vipande vinavyobana drum, zina asbesto), ziadjastiwe zote sawasawa ili gari isivute upande.

Alafu ujifunze kushuka kilima. Drum ikipata moto inatanuka, inazikimbia breki shuzi, unakanyaga pedo iko chini na gari inaendelea kwenda kama haijakusikia. Unaingiza gia ya 3 au ya 2 kabla ya kuanza kushuka, injini inashika gari, we unagusa breki kidogo unaachia, unagusa unaachia. Watoto wa gari za otomatiki hawakufundishwa hili. Ukisikia harufu kama plastiki inaungua, tafuta pembeni, simama, na usivute hendibreki drum zikiwa za moto, weka gia na jiwe kwenye tairi.

Tairi: soma namba 4 za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni, 2317 maana yake wiki ya 23 ya 2017. Zikizidi miaka 10 tupa, hata kama kashata bado ziko juu na zinang'aa. Na spea tairi pia ina namba, hiyo ndo kila mtu anasahau.

Difu ya 404 isikupite. Ndani yake kuna gia ya mnyoo (imechongwa kama skrubu) inayozungusha gia ya shaba nyeusi, na oili nyingi za difu za kisasa zina dawa za salfa ambazo zinaila ile shaba. Fundi akikuambia "oili ya difu ni oili ya difu" mwambie asante na ufunge boneti. Tafuta oili iliyoandikwa wazi kuwa ni salama kwa gia za aina hiyo, waulize wenye 403 na 404 klabuni, hao wanajua mpaka rangi ya kopo.

Umeme sitakaa sana. Kama gari yako bado ina dainamo badala ya alteneta, ikinguruma chini haichaji, kwahiyo ukiwa kwenye foleni umewasha taa, wipa na redio unakula betri. Safisha vichwa vya betri, kaza waya wa ethi, jaribu taa za breki na indiketa zote mchana wa jua mtu akiwa amesimama mita 20 nyuma. Taa za zamani ni hafifu na nyuma yako anakuja mtu mwenye gari ya mwaka jana anayeamini kila mtu anasimama kama yeye.

Nilisema wiki ya 5 usifungue kitu. Mtoko wangu wa kwanza, jioni ya kuamkia safari, gari ilikuwa inatembea kama saa ya ukutani, nikakaa nayo nikaiangalia, nikasema ngoja niifurahishe. Nikatoa pointi na kondensa za zamani (visehemu vinavyokata na kutuliza umeme ili plagi zitoe cheche) kwenye distribyuta, nikaweka mpya, za zamani nikatupa kwenye pipa, nikalala na amani. Kilomita ya 30 ikaanza kumisi, kidogo kidogo, mi najifanya sisikii, abiria wangu naye kwa heshima anajifanya hasikii, alafu ikapiga bunduki kwenye ekzosi mara mbili, ikafa chini ya kilima. Msafara mzima umesimama pembeni. Kondensa mpya, ya masaa 14, imekufa, na ile nzima ipo kwenye pipa nyumbani. Mzee mmoja akashuka kwenye gari yake polepole, akaja na kopo la tumbaku lililojaa skrubu na takataka, akachokonoa humo akatoa kondensa iliyotumika, imechakaa mpaka maandishi hayaonekani, akaifunga kwa bisibisi dakika 4, gari ikawaka. Ile kondensa nilikaa nayo miaka miwili. Tangu siku hiyo kitu kilichotoka kwenye gari kikiwa kizima hakiendi kwenye pipa langu, na spea mpya haiingii bila kutembea kilomita 50 kabla ya safari.

Kwahiyo cha kubeba ni hivyo vilivyokuwa vinafanya kazi: kondensa na pointi zako za zamani, mkanda wa feni wa zamani, plagi moja, fyuzi, mita moja ya mpira wa mafuta na klipu 4, waya laini, tepu ya umeme, spana za kwenye gari yako (jaribu mwenyewe kama spana ya plagi inafika kweli), plaizi, bisibisi mbili, jeki unayoweza kuiinua mwenyewe, kipande cha ubao cha kuwekea jeki maana udongo wa pembeni mwa barabara unaimeza, lita 5 za maji, lita moja ya oili, matambara, glovu, tochi, na kamba ya kuvutia. Usijaze buti kama unahama. Kwenye magari 20 kila mtu atakuwa na kitu, uliza kabla nani anabeba nini. Na mafuta jaza asubuhi, hesabu lita 11 au 12 kwa kilomita 100 uwe salama, na usiiamini geji ya mafuta ya 1967 hata ikuapie.

Haya, msafara. Watu wanadhani kuendesha msafara ni kugandana mkia kwa kichwa, hapana, huko ndo kugongana. Breki zako zinahitaji nafasi kuliko za mwenzako mwenye diski, chagua mti au kibao, gari ya mbele ikipita hesabu mpaka 4 ndo we upite. Mkiwa 20 bora mgawanyike makundi ya magari 5 au 6 na nafasi ya kutosha katikati, ili mwenye haraka zake aweze kupita na kurudi kwenye njia yake, maana hakuna kitu kinachowafanya watu wachukie magari ya zamani kama kukaa nyuma ya treni ya magari 20 kwa mwendo wa 50. Mkiona foleni nyuma yenu, mbele pakiwa na sehemu pana, kundi zima liingie pembeni, wapite. Gari dhaifu kuliko zote iwekwe mbele ya kundi, ndo inapanga mwendo, kwenye lami 60 mpaka 70 inatosha kabisa, na nyuma ya wote awepo mtu mwenye vifaa asiyemuacha yeyote.

Ila sheria ninayoipenda ni moja, wewe unawajibika na gari iliyo nyuma yako. Ukifika njia panda mnapokata kona, huondoki mpaka uone yule wa nyuma amekuona ulikoelekea. Basi. Kila mtu akifanya hivyo hakuna anayepotea hata simu zikikosa mtandao, na mmoja akiharibikiwa, habari inapanda mbele yenyewe, wa mbele yake anasimama, na wa mbele ya huyo anasimama, mpaka kiongozi. Wageni wanakosea hapa, wanamfukuzia wa mbele kwa hofu ya kuachwa wakati wa nyuma yao ameshapotea zamani. Angalia kioo cha kutazamia nyuma mara nyingi, karibu kama unavyoangalia mbele.

Wanaweza kukupa kitabu cha njia chenye vimichoro vidogo, kidoti ni unakotoka, mshale ni unakokwenda, na pembeni kilomita. Mfumo huo wanauita tulip, umetoka kwenye mbio za Tulip za Uholanzi. Mpe abiria asome, we endesha. Kabla ya siku yenyewe linganisha odomita yako na simu kwa kilomita 10 hivi, kama inadanganya mita 500 basi abiria ajue, bila hivyo mtagombana kwenye kona ya tatu. Mikanda ya usalama kama gari haina, muone mtu anayejua kufunga kwenye chuma cha bodi, sio kwenye bati.

Kuhusu rangi na siti. Dada, usipake rangi. FIVA, lile shirikisho la dunia la magari ya zamani lililoanzishwa 1966, kwao gari ya kihistoria ni ile yenye umri wa miaka 30 na kuendelea, imetunzwa katika hali sahihi ya kihistoria na haitumiki kama usafiri wa kila siku, hakuna waliposema lazima ing'ae. Rangi iliyopauka chini ya mkono wa mzee miaka yote hiyo ukiipaka hairudi tena. Siti tandika shuka. Mi nimeona magari yanayong'aa mpaka unajiona meno, yanaletwa kwenye trela na kuondoka kwenye trela, na watu wanapita wanaangalia wanaenda kukaa kwa yule mwenye bampa iliyokunjika anayehadithia ilikunjwaje. London mpaka Brighton wanakwenda na magari yaliyotengenezwa kabla ya 1905, maili 60 hivi, kuadhimisha Novemba 1896 walipoongezewa mwendo kisheria kutoka maili 4 mpaka 14 kwa saa, na humo wapo wanaosukuma, wanaoloa na wanaochelewa. Kusimama pembeni na boneti juu ni sehemu ya mtoko, hakuna atakayekucheka, ila watakusogelea watu 7 na kila mmoja atataka kushika kabureta. Mchague mmoja, wengine wape chai.

Ukifika kituo cha kupumzika usizime papo hapo, hasa kama umetoka kupanda kilima, iache ingurume dakika 2, feni ifanye kazi yake, zima, alafu inua boneti uiachie hewa. Chungulia chini. Gusa magurudumu kwa mgongo wa mkono bila kung'ang'ania, moja likiwa la moto kuliko wenzake breki ya hapo imenata. Mfuniko wa rejeta usiuguse.

Ukimaliza ile safari ya kilomita 60 niandikie, uniambie sindano ya joto ilisimama wapi pale juu ya kilima na boksi la asubuhi lilikuwa na matone mangapi, ya rangi gani, upande gani.